Kifungo cha Miaka Tisa

Sweta lilirudi Jumatatu asubuhi, limefuliwa, limepigwa pasi, na mikono yake imefungwa fundo.

Liliwekwa juu ya meza ya kukatia vitambaa, katika duka la ushonaji la Mama Kifungo, juu ya suruali ya mteja aliyetaka kupunguziwa kiuno. Aliyeliweka hakuna aliyemwona. Mama Kifungo alikuwa ameinamia cherehani anatunga uzi, mgongo umeelekea mlango. Alipogeuka, sweta hilo. La kijani, la shule, lile lililopotea Alhamisi akagomba nyumba nzima. Mwanzo alifurahi. Kisha akaliona fundo, akaiona na karatasi inachungulia mfukoni, akaisoma, akampigia simu mumewe.

"Njoo. Usiulize, njoo."

Mumewe alikuwa wakili. Mjini walimwita Pingamizi, kwa sababu hakuwahi kukaa robo saa mahakamani bila kusimama na kusema "napinga". Alipinga maswali, alipinga vielelezo, na siku moja alipinga feni iliyokuwa ikikwaruza wakati shahidi wake anaongea. Hakimu akakubali, feni ikazimwa, ukumbi mzima ukatoka jasho na kumlaani. Alikuwa mfupi, kifua kipana, mwenye koti moja jeusi ambalo mkewe alishalibadilisha bitana mara tatu.

Alifika dukani anahema. Mama yake mzazi, Bibi, aliyefika baada ya sweta, alikuwa kwenye kigoda chake pembeni ya mlango wa nyuma, bakuli la vifungo mapajani, anachambua vyeupe na vyeusi. Siku hiyo hakuwa akichambua chochote. Mkono ulikuwa umezama bakulini, umetulia.

Pingamizi akasoma. Karatasi ilichapwa kwa mashine, mistari michache:

*Wakili. Kifundo hutoka shule saa nane na robo. Hupita kwa fundi viatu, huvuka barabara peke yake. Fundo likikazwa halifunguki. Kesho kabla ya saa tatu uwe umejitoa kwenye kesi. Ukienda polisi tutajua.*

Akasoma tena. Akakaa juu ya ile suruali ya mteja.

Hakuhitaji kuuliza kesi gani. Miezi mitano nyuma kiwanda cha magodoro kiliwaka mchana kweupe. Wanawake wanne wa chumba cha kushonea mifuko ya magodoro walikimbilia mlango wa nyuma na kufia hapo hapo, mikono juu ya kitasa. Mwenye kiwanda alisema mlango uligandishwa na joto. Ndugu wa marehemu walisema ulikuwa na kufuli kwa nje. Mahakama ikafungua uchunguzi: nani alifunga, kwa amri ya nani. Jibu la swali hilo lingempeleka mtu gerezani. Na aliyelijua ni mmoja tu, mlinzi wa zamu ya mchana, ambaye angetoa ushahidi kesho yake, Jumanne, saa tatu.

Mlinzi alishamwambia Pingamizi waziwazi: "Wakili, nikikuona umesimama pale mbele, nasema yote. Nisipokuona, mimi sijui kitu. Sikuwepo. Hata hicho kiwanda sikijui."

"Huyu Kifundo ndiye nani?" Mama Kifungo aliuliza.

"Wamekosea herufi. Nani asiyemjua Kifungo?"

"Hawakukosea. Tazama hapa." Akalisogeza sweta bila kuligusa fundo. "Wamelifunga makusudi, wakaandika na maneno ya fundo. Huyu mtu anaamini kabisa mtoto anaitwa Kifundo. Kaona kapata mzaha wa maana."

Lakini Pingamizi hakuwa anasikiliza. Alikuwa anamwona binti yake anavuka barabara, begi limemzidi mwili.

Jina la Kifungo lilikuwa la mtoto tangu ana mwaka mmoja na nusu, alipomeza kifungo cha koti la baba yake wakamlinda siku mbili mpaka kikatoka upande wa pili. Shuleni alikuwa na jina lake la cheti. Mtaani, nyumbani, dukani, alikuwa Kifungo. Watu walimcheka baba: wakili mzima, kazi yako kuwaepusha watu na kifungo, halafu mwanao umemwita hivyo! Na kila alipotimiza mwaka, Bibi hakukosa: "Kifungo cha miaka saba! Kifungo cha miaka minane!" Mwezi uliopita kilifika cha miaka tisa.

"Najitoa," Pingamizi alisema.

Mkewe alilitazama fundo. Bibi naye akalitazama bakuli lake. Laiti wangembishia, angepata wa kupingana naye.

"Mtoto wangu kwanza," alisema mwishowe Mama Kifungo. "Lakini usiseme mimi ndiye niliyekutuma."

*

Ofisi yake ilikuwa ghorofa ya kwanza, juu ya duka la rangi. Chumba kimoja kimegawanywa kwa kabati la majalada: upande huu wakili, upande ule karani wake, mwanamke mrefu aliyemfanyia kazi mwaka wa kumi na moja sasa na kumwita Bosi kwa sauti ya kumkaripia.

"Andika," Pingamizi alimwambia. "Kwa Mheshimiwa Hakimu. Mimi, wakili wa familia za marehemu, naomba kujitoa kwa sababu za kifamilia."

Karani akaondoa vidole kwenye mashine. "Sababu gani za kifamilia?"

"Andika tu."

"Bosi, kesho ni mlinzi. Wale kina mama wamekaa miezi mitano wanamsubiri mlinzi. Mimi siandiki upuuzi huu mpaka uniambie."

Akamrushia ile karatasi. Karani aliisoma midomo ikitembea. Alipomaliza mstari wa kwanza akasita, akarudi nyuma, akasoma tena. Akaziba mdomo kwa kiganja.

"Kifundo," alisema ndani ya kiganja.

"Wamekosea jina. Haisaidii kitu."

"Hawakukosea wao, Bosi. Nilikosea mimi."

Akasimama akaenda kabatini. Akatoa jalada, akalifungua mezani. Ilikuwa hati ya kiapo ya wiki tatu zilizopita. Siku ile mtoto alibanwa na pumu akalazwa, na Pingamizi akampigia karani simu kutoka kwenye baraza la hospitali, anapiga kelele: andika naomba kesi iahirishwe, Kifungo amelazwa, nakuja kuapa sasa hivi. Alikuja, akaapa, akatia sahihi nakala tatu bila kusoma hata moja, akarudi mbio hospitali.

"Asubuhi ile nilikuwa nachapa madai ya yule bwana aliyevunjika mguu kwenye shimo la barabarani," alisema karani. "Kifundo cha mguu wa kulia, kifundo cha mguu wa kulia, kurasa nane za kifundo. Vidole vikazoea. Nikaandika 'mtoto aitwaye Kifundo'. Nimekuja kuona umeshaondoka."

"Mbona hapa pameandikwa Kifungo?"

"Nilisahihisha kwa kalamu. Hii yetu, na ile ya mahakama. Tazama, herufi mbili za jina langu pembeni."

"Na ya tatu?"

"Ya tatu tarishi alishaondoka nayo kwa baiskeli. Nilimwita dirishani hakusikia. Sikukwambia, maana ungenipigia kelele mpaka kwenye duka la rangi chini wasikie."

"Ilikwenda kwa nani?"

Alijua jibu. Alitaka tu kulisikia.

"Kwa wakili wa kiwanda. Kwa Tai."

Karani akaleta daftari la tarishi. Tarehe ile, mstari wa nne: hati ya kiapo, nakala moja, imepokelewa. Na sahihi ya Tai mwenyewe, kubwa, ya mikogo, imekula mistari miwili.

Pingamizi alikaa. Damu iliyomkimbia tangu asubuhi ilianza kurudi, tena ya moto. Duniani kote ilikuwepo karatasi moja tu inayomwita binti yake Kifundo. Aliyefunga lile fundo alikuwa ameisoma.

"Bosi, niendelee na barua ya kujitoa?"

"Ichane."

"Nimeandika 'Kwa Mheshimiwa' tu."

"Ichane hiyo hiyo!"

*

Alirudi dukani na kumweleza mkewe yote, kosa la karani na kosa lake la kutia sahihi bila kusoma. Mama Kifungo alisikiliza huku anakunja suruali ya mteja ambayo sasa ilihitaji pasi upya.

"Nilikwambia hawakukosea," alisema.

"Ulinambia."

"Ukijitoa watanyamaza?"

"Kwa kesi hii, watanyamaza."

"Na ijayo?"

"Ijayo watakuwa wanaijua njia."

Akaitupa suruali mezani. "Baba Kifungo, nisikilize. Mtu kaingia dukani kwangu. Kapita nyuma ya mgongo wangu. Kaifua nguo ya mwanangu kwa sabuni yake, kaipiga pasi, kaniwekea mezani. Halafu mimi nifyate mkia nimshukuru kwa kunifulia? Sifanyi. Nimeogopa, ndiyo. Lakini sifanyi."

"Na mtoto?"

"Mtoto kesho haendi shule. Anakuja mahakamani, anakaa benchi la mbele, katikati yangu na mama. Palipo na askari na macho ya watu mia. Wamtazame vizuri wajue na jina lake."

Bibi akachomoa mkono bakulini. "Mimi nimebaki na meno manne," alisema, "na yote yanauma. Atakayemsogelea atayahesabu."

Saa nane walikwenda shuleni wote watatu, wakashika katikati ya njia kama watu wanaokwenda kudai haki yao, Bibi mbele na futi ya kupimia nguo bado iko shingoni. Fundi viatu aliwaona akasimama na nyundo mkononi. Kifungo alitoka getini akashtuka.

"Mbona mmekuja wote? Nani kafa?"

"Hajafa mtu," baba yake alisema. Akafikiri amdanganye, akaacha. "Kuna watu wanataka baba aogope ili anyamaze."

"Umeogopa?"

"Kidogo."

"Na unanyamaza?"

Bibi alicheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Huyu anyamaze! Hata usingizini anapinga."

*

Jumanne saa tatu kasoro dakika tano ukumbi ulikuwa umejaa. Kushoto walikaa kina mama wa marehemu, wamevaa khanga zao za kawaida. Kulia alikaa mwenye kiwanda, mtu mnene mwenye miwani ya dhahabu, na nyuma yake meneja wake. Mlinzi alikuwa kwenye benchi la mashahidi karibu na mlango, kofia mapajani, macho yanatafuta koti jeusi liko wapi. Alipoliona, mabega yakamshuka.

Mwenye kiwanda naye aliliona. Akageuka akamtazama meneja, meneja akatazama saa yake.

Tai alikuwa amesimama anapanga karatasi. Jina hilo alipewa kwa ajili ya tai zake za hariri, alizokuwa nazo za kila rangi. Wengine walidai si ile ya shingoni, ni yule wa mizoga. Pingamizi alisoma naye, wakagawana kitabu kimoja mwaka mzima, huyu mchana yule jioni. Alimjua Tai kuwa mjanja, mpenda sifa, mwongo wa mahakamani. Kwamba angeweza kugusa mtoto wa mtu, hilo hakulijua. Jana alitamani kumpigia simu amuulize. Alijizuia kama anayezuia kikohozi.

Hakimu, mwanamama mwenye mvi fupi na sauti ndogo iliyonyamazisha watu kuliko kengele, aliketi. "Shahidi wa leo?"

"Kabla yake, Mheshimiwa," Pingamizi alisimama, "nina ombi."

Tai akatabasamu. "Naona msomi mwenzangu leo anapinga hata kuanza."

Watu wakacheka. Pingamizi aliwaacha wamalize.

"Ni kuhusu hati yangu ya kiapo ya wiki tatu zilizopita, iliyoahirisha kesi hii. Kuna jambo ndani yake nataka liwekwe sawa kwenye kumbukumbu. Naomba msomi mwenzangu athibitishe kwamba alipokea nakala, na atusomee aya ya kwanza. Yeye ana sauti nzuri kuliko yangu."

Hakuna kilichomlegeza Tai kama kusifiwa sauti. Alipekua jalada lake, akachomoa karatasi, akaweka tai sawa.

"Nilipokea, na nilitia sahihi kwa mkono wangu. Inasema: 'Kwamba mimi ni baba wa mtoto aitwaye Kifundo, mwenye umri wa miaka tisa, ambaye leo asubuhi amelazwa hospitali...'"

"Hapo hapo," alisema hakimu. Alikuwa na jalada la mahakama mbele yake, kalamu imesimama juu ya mstari. "Aitwaye nani?"

"Kifundo, Mheshimiwa."

"Yangu inasema Kifungo. Imesahihishwa kwa kalamu." Akamtazama Pingamizi juu ya miwani. "Wakili, kiapo hakirekebishwi kwa kalamu ya karani."

"Ni kosa, Mheshimiwa, nalikubali, na kosa kubwa zaidi ni langu niliyetia sahihi bila kusoma. Nakala zilikuwa tatu. Mbili zilirekebishwa. Ya tatu iliyobaki na neno Kifundo ndiyo hiyo iliyo mkononi mwa msomi mwenzangu. Daftari la tarishi hili hapa. Hakuna karatasi nyingine inayomwita binti yangu hivyo, na hakuna binadamu anayemwita hivyo." Akatoa karatasi mfukoni. "Ila mmoja."

Akampa karani wa mahakama ile barua. Mama Kifungo akainuka benchi la mbele, akaweka sweta mezani kwa mikono miwili, fundo juu, akarudi kukaa.

Hakimu alisoma. Alisoma taratibu, uso haukubadilika, ila alipomaliza alivua miwani. Akamwashiria askari wa mlangoni, naye akafunga mlango na kusimama mbele yake. Kisha akampelekea Tai barua aisome.

Tai aliisoma akiwa amesimama. Mkono wake ukapanda shingoni, ukalegeza tai, ukabaki hapo hapo.

"Mheshimiwa," alisema, na ile sauti nzuri haikuwepo tena, "mimi nina watoto. Hili sikuliandika, na sikulijua. Karatasi hii haikutoka ofisini kwangu, isipokuwa ile nakala niliyompa..."

Hakumaliza. Akageuka polepole akamtazama mteja wake. Mwenye kiwanda alikuwa anafuta miwani. Meneja nyuma yake alikuwa amenyanyuka nusu, anautazama mlango, na mbele ya mlango yuko askari.

"Kaa," hakimu alimwambia meneja. Akakaa. "Polisi watachukua barua, sweta, na nakala zote tatu. Hakuna wa upande huo atakayetoka hapa mpaka wamalize kuandika majina yenu. Wakili wa kiwanda, bado unamwakilisha mtu huyu?"

"Nitamaliza na shahidi wa leo kwa sababu sheria inanitaka," alisema Tai. "Baada ya hapo, mtu huyu atafute mwingine."

Mwenye kiwanda akasimama mwenyewe. "Mheshimiwa, sijisikii vizuri. Naomba kesi iahirishwe."

Hakimu akamgeukia Pingamizi. Ukumbi mzima ukamgeukia, kina mama wa marehemu, karani wake mrefu aliyesimama nyuma kabisa, hata Tai.

"Napinga," alisema Pingamizi.

Hakuwahi kulisema neno hilo kwa sauti ndogo kiasi hicho. Hakuwahi kulisikia likijaa ukumbi namna ile.

"Limekubaliwa. Keti," hakimu alimwambia mwenye kiwanda. Kisha akatazama benchi la mbele. "Huyo ndiye mtoto mwenyewe? Njoo, mama, usiogope. Nataka jina lako liandikwe sawasawa mara hii. Nyumbani wanakuitaje?"

Mtoto alisimama. Bibi akambana sketi kwa nyuma, akaiachia.

"Kifungo."

"Kifungo cha nini?" hakimu aliuliza, na pembe ya mdomo ilimcheza.

Mtoto alijibu alivyozoea kumjibu bibi yake, kwa sauti ya kuimba. "Cha miaka tisa!"

Kicheko kikapasuka ukumbini. Kina mama wa marehemu, ambao hawakucheka miezi mitano, walicheka hadi mmoja akaanza kulia. Karani wa mahakama aliinamisha kichwa mezani. Mwenye kiwanda peke yake hakucheka. Alikuwa anamtazama yule mtoto wa sweta la kijani, na miwani ilimshuka puani bila yeye kuirudisha.

"Imeandikwa," alisema hakimu. "Sasa shahidi."

Mlinzi alisimama. Alipita mbele ya mwenye kiwanda bila kumkwepa, akafika kizimbani, akaweka kofia pembeni, akaapa. Pingamizi akamsogelea.

"Siku ya moto, mlango wa nyuma ulikuwa umefungwa?"

"Ulikuwa umefungwa kwa kufuli, kwa nje."

"Nani alilifunga?"

"Mimi," alisema mlinzi. Akainua mkono wa kulia. "Nililifunga mimi kwa mkono huu. Mwenye kiwanda yule pale ndiye aliyeniamuru, alisema wanawake wanatoroka mapema. Na nilipokimbia kumwomba ufunguo niwafungulie, ulikuwa mfukoni mwake, na alikuwa ameshapanda gari."